Tulikusudia Yerusalemu, Tukafika Akeri



Kamati ya sherehe za miaka kumi ilitugawia sisi viongozi kazi ya kuandika historia ya kikundi. Katibu ameandika habari za hisa na mikopo, mweka hazina ameandika mahesabu. Sisi tulibakiwa na jambo moja ambalo wengi mmekuwa mkituuliza, hasa siku za soko pale Tengeru: ile hija ilikuwaje? Mlitangaza mnakwenda Yerusalemu, mbona mmeonekana Akeri na Kosta la kukodi? Basi tunaieleza hapa tangu mwanzo, maana maneno yamekuwa mengi na mengine si ya kweli.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 22, na sasa tuko 30. Tunakutana kila Alhamisi saa tisa alasiri. Sanduku letu ni la chuma, lina kufuli tatu, na funguo zake wanazo akina mama watatu wanaokaa mitaa tofauti, ili sanduku lisifunguke mpaka wote watatu wawepo. Kwa makabila tumechanganyika. Wako Wameru, wako Waarusha, wako Wachaga walioolewa huku au waliokuja na biashara, na wachache wametoka Babati na Singida. Kwa upande wa dini wengi wetu ni Walutheri wa KKKT, wako Wakatoliki, na wako walokole. Habari hizi za makabila na za funguo tunazitaja mapema kwa sababu huko mbele zitahitajika.

Wazo la hija lilikuja mwaka 2018. Mama mmoja alikuja kikundini na kichupa kidogo cha maji, akasema ni maji ya Mto Yordani, ameletewa na mwinjilisti aliyekwenda huko. Kile kichupa kilizunguka mkono hadi mkono, na siku ile hesabu za hisa zilichelewa sana. Sisi tuliosoma shule ya msingi zamani tulikuwa tunaijua Galilaya kwa ile ramani iliyoko nyuma ya Biblia tu. Mama zetu hata hiyo safari wasingeifikiria. Serikali yetu ilikata uhusiano na Israeli mwaka 1973, ukarudishwa mwaka 1995, na ubalozi wa Tanzania ulifunguliwa Tel Aviv mwaka huo huo wa 2018 ambao kichupa kile kilikuja. Kwa hiyo tukasema, kumbe mlango uko wazi, kwa nini na sisi tusiende?

Tukaanzisha Mfuko wa Hija. Kila mama aliyetaka aliweka shs. 5,000/= kwa wiki, mbali na hisa zake. Tuliandika kanuni kwamba hakuna kugusa hisa kwa ajili ya hija, na hakuna kukopa kwa ajili ya hija. Mtu akikwama ada ya mtoto, anatoa fedha yake ya hija bila kuulizwa. Kanuni hii ilituokoa kelele nyingi nyumbani. Hata hivyo zilikuwepo. Mzee mmoja alisema mbele ya watu kwamba wanawake hawa wanakusanya fedha ya ng'ombe wawili wa maziwa ili wakaangalie mawe. Sisi hatukumjibu siku ile, lakini tunamjibu hapa kwamba kuchangia safari si jambo geni katika mlima huu. Mwaka 1951 Wakoloni wa Kiingereza walipowafukuza Wameru Ngarenanyuki ili wapewe walowezi mashamba yale, watu walichanga kidogo kidogo wakampeleka Kirilo Japhet mpaka New York, akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Ardhi haikurudi kwa siku ile, lakini dunia ilisikia. Fedha ile nayo ingenunua ng'ombe, na wala hakuna mjukuu leo anayesema afadhali wangenunua ng'ombe.

Mwaka 2020 ikaja corona, safari za nje zikasimama, tukaendelea kuweka. Mwaka 2023 tulikuwa wanahija kumi na wanne tuliotimiza fedha ya kishika uchumba, tukailipa kampuni moja ya safari ambayo hatutaitaja. Tukapewa ratiba iliyochapwa vizuri, siku kwa siku: Bethlehemu, Nazareti, Bahari ya Galilaya, kubatizwa Yordani kwa wanaotaka, Njia ya Msalaba, na mambo mengine. Tulikuwa tuondoke mwezi wa Novemba. Tarehe 7 Oktoba vita ikalipuka. Tukasikia redioni habari za vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda huko kujifunza kilimo, na baadaye tukasikia kwamba wameuawa. Mmoja alitoka mkoa wa Manyara na mwingine Kilimanjaro, yaani majirani zetu kushoto na kulia. Baada ya hapo hakuna mama aliyeuliza tena habari za viza. Wale wa kampuni walikaa na fedha yetu miezi mingi, wakarudisha kwa mafungu, na fungu moja halijarudi mpaka leo. Mkitaka kujua ni kiasi gani, mweka hazina ameandika kwenye ukurasa wake.

Sasa fedha iliyorudi tufanye nini? Hapa ndipo palipokuwa na mjadala mrefu kuliko wa katiba yetu. Wengine walisema tugawane. Wengine walisema tusubiri vita iishe. Wakatoliki wetu wakasema, jamani, si lazima kuvuka bahari, watu wanakwenda Namugongo kule Uganda kila tarehe 3 Juni kwa basi tu, na kama mnaona ni mbali iko Bagamoyo, ambako Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868. Walisema kweli. Lakini mama mmoja ambaye ni mkubwa kuliko sisi wote, mzaliwa wa Akeri, ambaye kwa kawaida hasemi mpaka aulizwe, alisema maneno haya: "Mnatafuta makaburi mbali. Kila siku ya soko mnayapita makaburi mkiwa mmebeba ndizi."

Pakawa kimya. Wengi wetu tulijua kwamba Akeri kuna makaburi ya wazungu. Tulifundishwa katika Kipaimara kwamba wamisionari wawili waliuawa pale, basi, mwalimu akapita kwenda somo lingine. Hakuna aliyetuambia usiku ule ulikuwaje na asubuhi yake ikawaje.

Tulimwomba mwinjilisti mmoja mstaafu, mtu msomaji sana, atutangulie. Yeye alikubali kwa sharti moja, kwamba kabla ya kwenda tukae naye Alhamisi mbili atufundishe, kwa sababu, alisema, anayehiji bila kujua anapiga picha tu. Tunaandika hapa yale aliyotufundisha.

Kwanza tujue kwamba Injili huku ilishuka kutoka Kilimanjaro. Wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamekaa Moshi tangu mwaka 1885, kwa Mangi Rindi, wakaondoka mwaka 1892 baada ya vita baina ya Wajerumani na Mangi Meli, mwana wa Rindi. Mwaka 1893 wakaja Walutheri wa Misioni ya Leipzig ya Ujerumani, wakaanza Machame, wakaendelea na vituo vingine Uchagani. Miaka mitatu baadaye wakaona wavuke uwanda waje Meru. Waliotumwa ni vijana wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock. Wengi huwaita Wajerumani, lakini Ovir alitoka Estonia na Segebrock alitoka nchi ambayo leo ni Latvia, na nchi zote mbili wakati ule zilikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Walikuwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Watoto wetu wa mwisho wana umri huo.

Walifika mwezi wa Oktoba 1896. Mangi Matunda wa Wameru aliwapokea, wakapiga mahema yao Akeri pamoja na Wachaga waliofuatana nao kama wasaidizi. Shida ni kwamba hawakuwa wazungu peke yao mlimani siku zile. Kapteni Johannes, mkuu wa askari wa Kijerumani kutoka Moshi, naye alikuwa amepiga kambi si mbali na hapo akiwa na askari wake. Sasa jiweke wewe katika nafasi ya kijana wa Kiarusha au wa Kimeru wa mwaka ule. Unaona mahema ya wazungu wenye Biblia na mahema ya wazungu wenye bunduki, rangi moja, wamekuja msimu mmoja, wote wametoka Kilimanjaro ambako habari za vita zinasikika kila mwaka. Utawatenganishaje? Usiku wa tarehe 19 kuamkia tarehe 20 Oktoba, wapiganaji wa Kiarusha na wa Kimeru waliivamia kambi ya Akeri. Ovir na Segebrock waliuawa kwa mikuki, na Wachaga wao waliuawa pamoja nao. Kisha wapiganaji wakaiendea kambi ya Johannes, wakashindwa na risasi.

Mwinjilisti alipofika hapo alifunga daftari lake, akasema, "Mliyofundishwa Kipaimara yanaishia hapa. Sasa sikilizeni yaliyobaki."

Johannes alirudi Uchagani, akakusanya askari wake na maelfu ya wapiganaji wa Kichaga, akarudi Meru kulipiza kisasi. Walichoma nyumba, walikata migomba, waliswaga ng'ombe na mbuzi, waliua watu. Ninyi nyote mnaosoma mnajua mgomba ni nini kwetu. Mgomba ni chakula, ni kivuli, ni majani ya ng'ombe, ni kamba, na nyumba ya mtu iko katikati ya migomba yake. Ukimkatia mtu migomba umemwambia ahame duniani. Njaa iliingia. Na hawakuishia hapo. Waliendelea kuutiisha mlima miaka iliyofuata, na tarehe 2 Machi 1900 waliwanyonga pale Moshi Mangi Meli na viongozi wengine wa Kichaga, na wakuu wa Wameru na Waarusha pamoja nao. Kwa hiyo hata wale Wachaga ambao watu wao walitumwa kutupiga, hawakuwa wameachwa salama. Mwaka 2023 kule Berlin walitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyochukuliwa huku kwetu enzi zile. Habari hizi si za kale kama tunavyodhani.

Tuliondoka Jumamosi tarehe 19 Oktoba 2024, makusudi ili tuwe Akeri siku ile ile. Tulikuwa 26, maana hata wasiochangia Mfuko wa Hija waliomba kuja wakijilipia nauli. Tulibeba chakula chetu, machalari katika sufuria mbili kubwa, na Waarusha walileta loshoro. Tulivaa vitenge vya sare vile vile mnavyovijua.

Tulianzia mjini kwenye Boma la zamani ambalo sasa ni makumbusho. Wajerumani walilijenga mwaka 1899 na 1900, na waliobeba mawe na chokaa ni Waarusha na Wameru, kwa kulazimishwa. Hatukukaa sana. Mama mmoja alishika ukuta akasema umejengwa vizuri, mwingine akamwambia aondoe mkono. Kutoka hapo tukapanda Ilboru, ambako Misioni ya Leipzig ilianza kazi kwa Waarusha mwaka 1904. Kwaya yetu iliimba nje ya kanisa, na Waarusha wetu walimkumbuka mchungaji Lazaro Laiser, Mwarusha aliyekuwa miongoni mwa wachungaji wa kwanza wazalendo wa kaskazini. Kisha tukarudi barabara kuu kuelekea Moshi.

Pale Tengeru mwinjilisti alisimamisha gari, jambo ambalo halikuwa kwenye mpango, akatuingiza katika eneo la chuo kuona makaburi ya Wapolandi. Tunakaa karibu nayo miaka yote hii na wengi hatukuwahi kuingia. Wakati wa vita kuu ya pili Warusi waliwachukua Wapolandi wengi wakawapeleka Siberia, na waliotoka huko walipitia Uajemi, wengine wakaletwa Afrika. Kuanzia mwaka 1942 Tengeru ilikuwa kambi yao kubwa, watu wapatao 5,000, na wengi walikuwa akina mama na watoto. Waliokufa wamelala pale chini ya misalaba, kaburi kwa kaburi, kila mtu na jina lake. Wajukuu wao husafiri kutoka Ulaya mpaka Tengeru kuyaona makaburi hayo. Mama yule mkubwa alisema, "Mnaona? Yerusalemu ya wengine iko hapa kwetu." Tulicheka, lakini yale majina tuliyasoma kwa shida moja baada ya jingine, na jambo hilo la kila mtu na jina lake lilitufuata mpaka Akeri.

Akeri tulifika saa nane mchana. Mahali penyewe ni pa kimya, pana kanisa, na migomba iko pande zote kama kwamba haikuwahi kukatwa. Tuliimba, tukaomba. Mwinjilisti alisoma majina ya Ovir na Segebrock, tukasimama kimya dakika moja. Kama tungeondoka wakati huo ingekuwa hija kama hija nyingine.

Lakini mmoja wetu, ambaye ni Mchaga wa Machame na ndiye mshika ufunguo wa pili, aliuliza kwa upole tu: "Na wale wa kwetu waliolala na hawa wazungu usiku ule, wanaitwa nani?" Hakuna mmoja wetu aliyewahi kufundishwa majina yao. Mwinjilisti naye aliangalia chini. Hapo mama wa Kimeru akasema, naye kwa upole lakini sauti yake ilikuwa imebadilika: "Na wa kwetu waliochomewa nyumba na hao wa kwenu waliokuja na Johannes, nao wanaitwa nani?" Yule Mchaga akajibu kwamba yeye hakuja na Johannes, alikuja na mume wake mwaka 1994. Wengine wakacheka, wengine hawakucheka. Ikawa kila mtu anasema.

Wakati huo mshika ufunguo wa tatu, Mwarusha, hakuwa nasi. Alikuwa amebaki ndani ya gari tangu tulipofika, akisema miguu inamuuma. Mwenyekiti msaidizi alimfuata. Alikuja, akasimama mbali kidogo, akasema: "Miguu haiumi. Bibi yangu alituambia wanaume wa boma letu walikuwapo hapa usiku ule. Na walipokuja hao wa kulipiza kisasi, boma letu halikubaki. Sasa nikisimama hapa mniambie, nimesimama kama muuaji au kama mfiwa?"

Hatukuwa na jibu. Mwenyekiti hakuwa nalo, mwinjilisti hakuwa nalo. Kwa desturi za mikutano yetu mama akiuliza swali gumu tunapiga kura au tunaahirisha. Pale ungeahirisha nini?

Mwinjilisti ndipo akakumbuka ile ratiba ya Israeli, ambayo mama mmoja alikuwa nayo ndani ya Biblia yake kama alama ya ukurasa. Akaiomba, akasoma siku ya nne: Yerusalemu, kutembelea Kanisa la Kilutheri la Mkombozi. Akauliza kama tunajua nani alilizindua. Hatukujua. Akasema ni Wilhelm wa Pili, mfalme wa Wajerumani, yule yule ambaye askari wake waliivunja Meru. Naye alikwenda kuhiji, mwezi wa Oktoba 1898, miaka miwili tu baada ya migomba hii kukatwa. Watawala wa Kituruki walibomoa sehemu ya ukuta karibu na lango la Yafa ili aingie na msafara wake, na tarehe 31 Oktoba, Siku ya Matengenezo ya Kanisa, akalizindua kanisa hilo na kusali ndani yake. "Mngefika kule," alisema, "mngepiga picha mbele ya mlango wake mkafurahi, na wala si dhambi. Lakini msingejua kwamba mlango ule na kaburi hili vina mwenyewe mmoja." Hakuongeza neno, na sisi tulimshukuru kwa kutokuongeza.

Tulikula chakula chetu pale pale chini ya miti, ingawa wengi hawakula sana. Machalari yalibaki sufuria moja nzima.

Kutoka Akeri tulipanda Nkoaranga. Misioni ilirudi Meru mwaka 1902, ikaanza kituo hapo, miaka sita tu baada ya Akeri na miwili baada ya kunyongwa kwa wakuu. Wengi wetu tumezaliwa au tumejifungulia hospitali ya Nkoaranga, kwa hiyo mahali hapo hatuhitaji kuelezwa. Lakini siku ile tulipatazama kwa jicho lingine. Babu zetu waliwezaje kumpokea mzungu wa Biblia tena wakati majivu hayajapoa? Wako wanaosema ni woga tu, kwamba walishashindwa. Sisi hatukubali kwamba ni woga peke yake. Mtu mwenye woga anakubali kwa mdomo, hajengi kanisa na kulijaza kizazi hadi kizazi. Wala hatukubali wale wanaosema damu ya Akeri ilikuwa mbegu na mambo yakaisha, maana wanaosema hivyo wanahesabu damu ya watu wawili tu. Watu walitaka shule, walitaka dawa, walitaka mtu wa kusema nao ambaye hakushika bunduki, na walitaka pia kusikia habari za Mungu ambaye mwana wake aliuawa na askari. Hilo la mwisho tunadhani walilielewa haraka kuliko wamisionari wenyewe.

Tulirudi nyumbani jioni. Alhamisi iliyofuata ndiyo ilikuwa ngumu. Mshika ufunguo wa tatu hakuja, akamtuma mtoto na ufunguo. Katiba yetu inakataza, ufunguo hauletwi na mtoto. Tulikaa mbele ya sanduku lililofungwa, mama watatu wakiwa wanasubiri mikopo, mmoja wao wa kulipia upasuaji wa mumewe. Wengine walisema sheria ilegezwe, tufungue. Aliyekataa ni yule mama wa Machame. Alisema, "Tukifungua leo bila yeye, tumeshamtoa kikundini, hata kama hatujasema." Akachukua shs. 10,000/= katika mkoba wake akampa yule mwenye mgonjwa, wengine wakaongeza, fedha zikatosha za kuanzia. Sanduku halikufunguliwa siku ile. Ni mara moja tu katika miaka kumi.

Jioni hiyo yule mama wa Machame na yule mkubwa wa Akeri walikwenda nyumbani kwa mwenzetu. Walichozungumza hawakutuambia na hatukuwauliza. Alhamisi iliyofuata alikuja, akalipa faini yake ya shs. 2,000/= kwa kutuma mtoto, akafungua kufuli yake. Kisha akasema ana ombi. Aliomba kila mwanachama, wa kabila lolote, aende kwa wazee wa ukoo wake kabla hawajatutoka, aulize jina la mtu yeyote wa kwao aliyekufa mwaka ule wa 1896 au kisasi kilipofuata: Mmeru, Mwarusha, Mchaga aliyekuja na wamisionari, hata Mchaga aliyekuja na Johannes akafia huku. Majina yaandikwe katika daftari moja. Hoja hiyo ilipita bila kupingwa, ingawa hatutaficha kwamba mama wawili walinyamaza wakati wa kunyoosha mikono.

Fedha iliyobaki ya Mfuko wa Hija tumeiacha kama ilivyo. Tisa kati ya wale kumi na wanne bado wanaweka kwa ajili ya Yerusalemu, amani ikija, na tumewaahidi kwamba ile siku ya nne ya ratiba haitafutwa. Wengine wamehamishia fedha yao kwenye daftari la majina, kwa nauli za kuwaendea wazee walioko mbali, maana wengine wako Siha na wengine walishahamia Kiteto. Habari ya jiwe, kwamba liwekwe au lisiwekwe, na wapi, hiyo iko mbele ya wazee wa usharika na wazee wa koo, na sisi hatutawatangulia.

Hadi tunapeleka kijitabu hiki kwa mchapaji tumepata majina kumi na moja. Saba ni ya Wameru, matatu ni ya Waarusha, na moja ni la Mchaga, limeletwa kutoka Machame na mama yetu mwenye ufunguo wa pili. Ndugu msomaji ambaye una jina la kwenu, lilete Alhamisi yoyote saa tisa. Daftari linakaa ndani ya sanduku.